Kikopo cha Mama Mukwe

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Aurélie Banza alifungua kabati ya joto, akatoa visahani vinne vya kuoteshea wadudu na kuvipanga mezani karibu na dirisha. Alivitazama kimoja kimoja. Kisha akarudia, kwa sababu hakupenda alichokiona.

Inspekta Mwaba wa polisi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia. Tangu siku Aurélie alipomfokea kwa kugusa meza kwa mkono mtupu, Mwaba aliiheshimu ile labo, maabara ya Nchelenge, kuliko kanisa.

"Bamayo," alisema, kwa Kibemba walichozoea kuongea wawili hao, "nipe jina. Ni yupi kati ya wale wanawake wawili?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Vikopo viwili vya choo, visahani viwili, vyote safi. Hiki cha tatu nilipanda mdudu yule yule aliyemuua mtoto François, nimemtunza ndani ya friji tangu mwaka jana. Ameota, umwone. Basi chakula cha kisahani ni kizuri na joto ni zuri. Cha nne sikupanda kitu, na hakikuota kitu. Basi mikono yangu ilikuwa safi. Kazi haina kosa, Inspekta. Jibu ndilo halipo."

Mwaba alishusha macho kwenye jalada lililokuwa kwapani mwake. Lilikuwa jembamba na lenye aibu. Angèle, mkimbizi wa kambi ya Mantapala, mke wa Méschac, alikuwa amezika watoto wawili. Didier alikufa wiki chache baada ya kuachishwa ziwa. François, aliyemfuata, naye vivyo hivyo. Mwezi huu Gloire, kitinda mimba wa miezi kumi na mmoja, aliachishwa ziwa ghafla, na ndugu wa Méschac wakaja polisi mbio: huyu mwanamke anawatoa watoto kwenye ziwa, kisha anawala. Sheria ya Zambia haikubali mtu kuitwa mchawi, kwa hiyo walisema sumu, na Mwaba akaandika sumu. Unga wa nyumba ile alilisha kuku wake mwenyewe. Kuku wananenepa.

"Jumamosi wale ndugu wanakutana," alisema. "Wameshaamua. Gloire atabaki kwao, na mama yake atavushwa ng'ambo ya ziwa, arudi kule kwenye bunduki alizozikimbia. Nikiwapelekea jibu hili watasema hata labo imeshindwa."

Aurélie alitazama daftari la mwaka jana juu ya rafu. Yeye ndiye aliyekuwa na kosa la zamani. Mwaka jana, siku moja kabla François hajafa, kliniki ilimtoa damu kidogo ikatiwa ndani ya chupa ya mchuzi wa kuoteshea wadudu, ikaletwa hapa. Siku ya tatu mchuzi ukaingia ukungu, ishara kwamba kuna mdudu ameota. Aurélie alipaka tone juu ya kioo, akapitisha kioo juu ya moto, akatia rangi, akaosha, akatazama kwa darubini: vijiti vidogo vya rangi ya waridi. Akampanda kwenye kisahani, akamhakikisha: taifodi. Aliandika jibu katika daftari. Mtoto alikuwa kaburini tayari, hakuna aliyekuja kuuliza, naye hakumtafuta mtu. Alifunga daftari akaendelea na vikopo vingine, hadi jalada la Mwaba lilipomrudisha kwenye jibu lile. Mdudu wa taifodi hakai kwa mbuzi wala kwa kuku. Anatoka kwa mtu na kuingia kwa mtu, kwa njia ya choo, mkono na chakula. Alilijua hilo siku ile kama anavyolijua leo.

Kisima cha bomba cha Mantapala alikuwa amekwisha kukipima wiki iliyopita, maji ni salama. Waliobaki ni waliowalisha wale watoto, na hao ni wawili tu, wenye vikopo vile: Angèle, na Kapinga, nkambo yao, mama mzazi wa Méschac. Mtu anaweza kumbeba mdudu yule miaka na miaka bila kuumwa hata kichwa.

"Labo haisemi uongo," Aurélie alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Inajibu kikopo ulichoiletea."

Akasimama. Alikwenda kwenye friji, akatoa vile vikopo viwili, akavifungua chini ya dirisha. Siku ya kuvipokea alikuwa na haraka, umeme ulikuwa karibu kukatika. Sasa alitazama vizuri. Choo katika vikopo vyote viwili kilikuwa cheusi, cheusi cha kuingia kijani.

"Damu?" Mwaba aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa na macho mazuri, mtu asimdharau.

"Tutauliza." Alipaka kidogo juu ya karatasi ya kupimia damu iliyojificha, akadondosha dawa. Ingekuwa damu, karatasi ingegeuka buluu. Haikugeuka. Alichanganya chembe ndogo na maji ya chumvi juu ya kioo, akainama kwenye darubini. Katika kikopo cha Angèle aliona mayai ya kichocho cha tumbo, yale yenye mwiba ubavuni. Katika kikopo cha Kapinga aliona mayai yale yale yenye mwiba. Vyote viwili vilikuwa na maganda ya maharagwe, na karibu idadi moja ya mayai kwa kila kioo.

Aliinua kichwa. "Inspekta, haya ni majina mawili na tumbo moja."

"Angèle alibadilisha."

"Kuna mtu alibadilisha. Kesho alfajiri washa gari."

Chadrack, mhudumu wa afya wa kujitolea, walimkuta Jumanne asubuhi nyuma ya kliniki ya Mantapala, anakaza spoki za baiskeli. Ndiye aliyepeleka vikopo. Aurélie alikuwa amemfundisha mwenyewe: funga kifuniko, andika jina na saa, weka kwenye barafu, usichelewe. Alimsalimia, akamuuliza habari ya nyumbani, kisha akamuuliza la kazi.

"Chadrack, vikopo ulibapatia mu mukono?"

"Ya Mama Gloire, ndiyo, mu mukono yake."

"Na ya nkambo Kapinga?"

Kijana alirudi kwenye spoki zake. "Mama, miye nilioa mutoto ya ndugu yake. Kapinga ni mama mukwe yangu. Tukikutana mu njia, mumoja anatoka mu njia. Nitamuambia nini? Mama mukwe, unipatie mafi?"

"Ulifanya namna gani, basi?"

"Niliacha kikopo juu ya kiti, inje ya lupango. Nikamuambia Mama Gloire amuambie. Kesho yake nilikuta yote mbili pa kiti, na majina juu."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

Mwaba alitaka kukasirika, lakini Aurélie alimgusa mkono. Hakuwa na haki ya kumkasirikia mtu. Mama yake mwenyewe alikuwa Mluba, na yeye alikua akimwona baba yake akipinda kona kwa sababu mama mkwe anapita. Alimfundisha Chadrack barafu na saa na kifuniko. Hakumuuliza ameoa wapi.

Alimwomba Mwaba abaki na gari. Polisi akiingia katika lupango, uwanja wa nyumba ya mtu, midomo inafungwa.

Angèle alikuwa ameketi chini mbele ya nyumba, anachambua chisense za kwenda kuuza, samaki wadogo waliokaushwa, beseni kubwa katikati ya miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na majirani wa pande zote mbili walikuwa wamegeuza viti vyao vimpe mgongo.

"Jambo, Mama Gloire."

"Jambo, Mama Labo. Karibu. Kiti iko pale."

Aurélie alikaa karibu, akashika konzi ya samaki, akaanza kuchambua naye. Alisema polepole, "Vidonge ya kuongeza damu, ulianza kumeza tangu lini?"

Mikono ya Angèle ikasimama. "Nani alikuambia?"

"Kikopo yako. Ile dawa inafanya choo nyeusi. Na kikopo ya nkambo ni nyeusi vilevile. Nkambo hana mimba, mutoto yangu."

Angèle alitazama migongo ya majirani. "Miezi ine," alisema kwa sauti ya chini. "Usiseme. Ndugu ya bwana yangu bakijua, batasema niko natafuta ingine ya kukula. Paka mama mukwe peke yake njo anajua. Ni yeye alisema Gloire aende kwake, sababu maziwa ya mama mwenye mimba inaharibika, inaua mutoto. Na kwa batu alisema ni yeye alichoka kuikala peke yake. Ananifunika, Mama Labo. Mu hii familia yote, ni paka yeye."

"Na kikopo?"

"Alinishika mukono. Alisema, Chadrack ni mukwe yangu, nitaweka mafi yangu mu kikopo yeye aibebe pa baiskeli? Heri nikufe. Unifanyie weye, mutoto yangu. Nikamufanyia." Aliokota samaki mmoja, akamweka pembeni. "Mulikuwa munatafuta mwenye sumu. Nilijua yeye hana kitu. Ni mubaya gani kumufichia haya?"

Halikuwa baya hata kidogo. Ni heshima tupu, na Aurélie angeifanya pia. "Didier uliachisha ziwa fasi gani?"

"Kwa nkambo."

"François?"

"Kwa nkambo. Kwetu tunafanya vile, weye unajua. Mutoto akibakia karibu ya mama atalilia ziwa, mama atamuhurumia. Anaenda kwa nkambo, anasahau, anarudia."

"Balipoenda kule, balikuwa bagonjwa?"

"Hapana. Balikuwa banene. Ugonjwa ilibakamata kule..."

Hakumaliza. Aurélie alimwona anahesabu. Ndugu za mume walikuwa wamehesabu siku hizo hizo, ziwa na kaburi, ziwa na kaburi, wakasahau kuhesabu nyumba.

"Gloire ana siku ngapi kule?"

"Kumi na mbili," alisema Angèle, na alipoinuka beseni ilipinduka, samaki wote wakamwagika vumbini. Hakugeuka kuwaokota.

Kapinga aliishi viwanja vitatu mbele. Lupango yake ilikuwa imefagiwa hadi mistari ya ufagio ikaonekana, sufuria zimefunikwa, kila kitu mahali pake. Mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, na Gloire mgongoni ndani ya kitenge. Alikuwa anapoza uji. Alichovya kidole, akalamba, akasubiri, akachovya tena. Angèle alisimama nje ya uzio na hakuweza kuingia.

Aurélie alisalimia kama inavyopaswa, kwa kupiga magoti kidogo. Kisha akaweka kiganja shingoni mwa Gloire. Mtoto alikuwa anawaka.

"Ni meno," Kapinga alisema. "Tangu jana. Anakula kidogo kidogo."

"Nkambo, ulishaka kuugua homa ya siku mingi?"

"Ku Pweto, kwetu kule ngambo ya ziwa. Mwaka mumoja mbele ya kukimbia. Mwezi muzima nilikuwa pa kitanda, nywele yote ikaanguka." Alicheka kidogo, akigusa kitambaa cha kichwa. "Tangu pale, hata kichwa haijaniuma. Mungu alinipatia nguvu ya kulea bano batoto."

Aurélie aliingiza mkono mfukoni. Alitoa kikopo kipya, akakiandika jina mbele yake, akakiweka katika mkono wa yule mama kwa mikono miwili. "Hii utanirudishia miye. Miye si mukwe. Miye ni mutoto mwanamuke, kama bengine bote."

Kapinga alikitazama kikopo, kisha akatazama kule uzioni. Alielewa kwamba siri ya kikopo cha kwanza imejulikana, akainamisha uso. "Alisema?"

"Kikopo njo ilisema."

"Usimugombeze. Ni miye nilimuomba."

Alimfungua Gloire, akampa Aurélie, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi kikopo kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya jani la mgomba. Aurélie alichungulia. Kahawia, kama choo cha mtu yeyote.

Kliniki haikusubiri labo. Gloire alilazwa saa ile ile. Aurélie alifuta ngozi ya mkono mdogo kwa spiriti, akasubiri ikauke, akafuta tena, akasubiri tena, kwa sababu ngozi nayo ina wadudu wake, na wakiingia kwenye chupa watamdanganya. Alifuta kizibo cha chupa. Alivuta damu kijiko kimoja kidogo, akaitia ndani ya mchuzi. Angèle alimshika mtoto bila kusema kitu. Kisha muuguzi akachoma sindano ya kwanza ya dawa. François sindano hiyo aliipata siku ya mwisho.

Kikopo cha Kapinga kilisafiri hadi Nchelenge mapajani mwa Aurélie, ndani ya barafu, na chupa ya damu ya Gloire kando yake bila barafu. Jioni alitia chembe ya choo katika mchuzi mwingine, unaowadhoofisha wadudu wengine na kumwacha anayetafutwa apate nafasi. Jumatano aliuchoma uzi wa chuma motoni hadi ukawa mwekundu, akaupoza, akauchovya, akachora juu ya kisahani: mistari upande mmoja, akachoma tena, akavuta mistari michache kutoka ile ya kwanza, akachoma tena, mpaka mara ya nne. Hivi wadudu wanapungua njiani, na mwisho wa mstari anabaki mmoja mmoja, kila mmoja anaanzisha ukoo wake peke yake. Alipindua kisahani kifuniko chini ili jasho lisidondoke juu yake, akakifungia katika kabati ya joto. Pembeni yake aliweka kile cha mdudu wa François na kile kisicho na kitu.

Alhamisi Mwaba alifika kabla ya saa mbili. Safari hii Aurélie alimwita ndani, akampa glavu.

"Hizi doti za manjano ni wadudu wa kawaida wa tumbo, kila mtu anao. Tazama hizi." Doti ndogo nyekundu, nyingine zikiwa na tone jeusi katikati. Alichukua moja kwa uzi, akaikoroga katika tone la maji juu ya kioo, akaongeza tone la dawa ya kumtambua mdudu wa taifodi. Alikiyumbisha kioo kushoto na kulia. Tone lilikuwa laini, kisha likaanza kukatika vipande vipande, kama maziwa yanayoganda.

"Ni yeye?" Mwaba aliuliza.

"Ni yeye. Na chupa ya Gloire imeingia ukungu leo alfajiri. Nimeitazama. Vijiti vile vile."

Mwaba alivua glavu. Alifungua jalada, akakata neno sumu kwa mstari mmoja, kalamu ikabaki hewani. "Niandike nani ameua, Bamayo?"

"Andika ugonjwa."

"Wale ndugu wataniuliza nani."

"Wale ni wana wa Kapinga mwenyewe, Inspekta. Hayo acha nimpelekee mama yao kwanza."

Ijumaa Kapinga alikuwa kwenye baraza ya kliniki, ameketi juu ya kitenge na miguu imenyooshwa, kama wanavyoketi wote wenye wagonjwa. Sufuria ya uji ilikuwa kando yake, amekuja nayo. Aurélie alikaa chini naye. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, na yote yakampotea.

Alimweleza kwa kifupi. Ile homa ya Pweto haikuondoka yote. Mdudu alibaki ndani ya nyongo, analala kule bila kumsumbua, anashuka na choo siku fulani fulani. Ukiosha mikono kwa maji matupu, anabaki chini ya kucha. Si kosa lake. Si uchawi. Kuna vidonge, mara mbili kwa siku.

Kapinga alisikiliza mpaka mwisho. "François?"

"Ndiyo, nkambo."

"Na Didier?"

"Didier hatukumutoa damu. Sijue."

"Unajua," Kapinga alisema.

Aurélie alilia. Hakuwa na desturi ya kulia kazini, na hakujificha.

Yule mama hakulia. Alitazama kidole chake cha kati, kile cha kupozea uji, akakitazama mbele na nyuma. "Nilikuwa naogopa itabaunguza," alisema.

Kisha akasukuma sufuria mbali kwa kisigino. "Muniitie batoto yangu. Leo, si kesho. Nitabaambia miye mwenyewe, mbele ya Mama Gloire. Hakuna mwenye atamufukuza."

"Nkambo, batu batageuza maneno. Batasema ni weye muchawi."

"Baseme. Miye niko muzee. Yeye iko na tumbo." Alifikiri. "Vidonge ni siku ngapi?"

"Makumi mbili na nane. Usipikie mutu. Kisha unaleta vikopo bitatu, siku mbalimbali. Byote bikiwa safi, utamubeba."

"Nitaleta na mukono yangu. Hata kwa Chadrack nitapatia."

Mlango wa wodi ulifunguka. Angèle alitoka na Gloire mikononi ili apate hewa. Homa ilikuwa imeanza kushuka, na plasta nyeupe ilikuwa imebandikwa juu ya mkono mdogo. Angèle alisimama. Hakujua mguu gani utangulie. Ni Gloire aliyemwona nkambo kwanza. Aliinama kutoka kifuani kwa mama yake, akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyofanya kila asubuhi kwa siku kumi na mbili.

Kapinga aliingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Bonjour, mama," alimwambia mtoto. "Bonjour, mama yangu."

Gloire alisubiri kubebwa. Alipoona habebwi alianza kulia, akazidi kunyoosha mikono, na Kapinga akabaki pale pale akimwita kwa jina, bila kuinuka.